Mtoto Hodari wa Kandanda: Aondoke Alikolelewa au Abaki?

Juma lililopita, jua lilipokuwa likizama nyuma ya kota, jirani yangu mmoja, Sajini wa miaka mingi, alinijia nyumbani akiwa bado amevaa buti. Hakungoja hata kukaribishwa kiti. Mwanawe wa tatu, aliye na umri wa miaka 15, anacheza nafasi ya kiungo katika timu ya watoto inayofundishwa na Koplo mmoja mstaafu kwenye uwanja ulio karibu na bohari. Sasa watu wa shule moja kubwa ya soka ya mjini wamemwona, wamempenda, na wanataka aende akaishi bwenini kwao kabla ya muhula kwisha. Koplo amenuna. Mama mtu analia. Kijana mwenyewe hali wala halali.

“Mwalimu,” aliniambia, “wewe ulisomea malezi ya watoto. Nipe neno moja tu: aende au abaki?”

Nilimjibu, “Afande, neno moja sina. Ninacho kisa cha wavulana wanne. Keti kwanza.”

Kisa chenyewe nitakieleza hapa, ndugu msomaji, kwa sababu najua swali la Sajini linaulizwa katika nyumba nyingi za askari. Watoto wetu hukua uwanjani. Baba yumo lindoni, mama yumo shughulini, na mpira ndio mlezi wa saa kumi jioni. Akitokea mmoja mwenye kipaji, nyumba nzima hutikisika.

DARASA LA MWAKA 1987

Katika mji wa Barcelona, nchini Uhispania, ipo nyumba ya mawe ya shamba iliyojengwa mwaka 1702, nayo huitwa La Masia. Mwaka 1979 klabu ya mji huo iliigeuza kuwa bweni la watoto waliotoka mbali kujifunza kandanda, na ingawa mwaka 2011 watoto walihamishiwa jengo jipya, jina limebaki kuwa la shule yenyewe. Katika msimu wa 2002–03 timu ya klabu hiyo ya vijana wasiozidi umri wa miaka 16 ilikuwa na wavulana wanne waliozaliwa mwaka mmoja, 1987: Víctor Vázquez, Gerard Piqué, Cesc Fàbregas na Lionel Messi. Hapana haja ya kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili Messi ni nani. Lakini wakati ule hakuna aliyeweza kuapa ni yupi kati yao atakayefika mbali, na wapo waliomtaja Vázquez kuwa ndiye aliyekaribiana naye zaidi kwa ufundi.

Wote walifundishwa na makocha wale wale, wakala chakula kile kile, wakacheza mtindo ule ule wa pasi fupi fupi. Kisha njia zao zikaachana, na hapo ndipo penye somo.

Nitaanza na Fàbregas, maana kisa chake ndicho kinachokaribiana zaidi na cha mtoto wa Sajini. Alizaliwa Arenys de Mar, mji mdogo wa pwani usio mbali na Barcelona, akaanza kucheza katika timu ya mji jirani wa Mataró. Inasemekana kocha wake wa kwanza alikuwa akimweka nje kila timu ilipokutana na Barcelona, ili wale wakubwa wasimwone. (Sajini alicheka sana hapa, kwa kuwa Koplo wetu naye amewahi kufanya hila kama hiyo.) Hila haikufaa kitu. Mwaka 1997, akiwa na miaka 10, mtoto alikwenda Barcelona.

Huko alikua akimhusudu kiungo wa timu kubwa, Pep Guardiola, aliyevaa jezi namba 4. Fàbregas mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazazi wake walipoachana, Guardiola alimpelekea jezi yenye sahihi yake ili kumpoza. Basi fikiri, msomaji, mtoto wa namna hiyo ana uchungu gani kuiacha klabu hiyo! Ilikuwa ni kwao, ilikuwa ni ndoto yake, na shujaa wake alimjua kwa jina.

Hata hivyo mwezi Septemba 2003, akiwa na miaka 16, alifunga mizigo akaenda Arsenal ya London. Hakuwa amecheza hata mechi moja ya timu kubwa ya Barcelona.

HESABU YA LINDO

Kwa nini aliondoka? Yako mengi yaliyosemwa, na fedha imo, kwani haikosi kuwamo. Lakini mimi naliona jambo moja lililo wazi kama hesabu ya ubaoni. Kila nafasi uwanjani ni sawa na lindo: anayelishika ni mmoja, na mwingine hungoja zamu yake. Barcelona ya 2003 ilikuwa na Xavi, aliyezaliwa 1980, na nyuma yake Andrés Iniesta, aliyezaliwa 1984 na ambaye alikwisha kuingizwa timu kubwa mwaka 2002. Hao wote walikuwa ni viungo, wote walitoka shule ile ile, na wote walikuwa vijana. Xavi hakuondoka Barcelona mpaka 2015. Iniesta hakuondoka mpaka 2018. Lau Fàbregas angengoja lindo la Xavi liwe wazi, angekuwa na miaka 28. Lau angengoja la Iniesta, miaka 31.

Tazama sasa upande wa pili. Kiungo mkuu wa Arsenal, Patrick Vieira, alikuwa na miaka 27, na wenzake katika safu ile walikuwa watu wazima vile vile. Kocha Arsène Wenger alikuwa na sifa ya kuwaamini vijana. Tarehe 28 Oktoba 2003, wiki chache tu baada ya kuwasili, Fàbregas alipangwa katika mechi ya Kombe la Ligi dhidi ya Rotherham United. Alikuwa na miaka 16 na siku 177, akawa mchezaji mdogo kupita wote waliowahi kuichezea Arsenal hadi siku ile. Msimu huo Arsenal walitwaa ubingwa wa ligi bila kushindwa hata mechi moja, ila yeye hakupata medali kwa kuwa hakuingizwa katika mechi za ligi. Alijifunza, akangoja. Msimu uliofuata viungo kadhaa waliumia, naye akaingia. Mwezi Julai 2005 Vieira akauzwa Juventus, na lindo likawa la kijana wa Arenys de Mar. Mwezi Novemba 2008, akiwa na miaka 21, akafanywa nahodha.

Jambo jingine ambalo akina mama watalipenda: hakutupwa mjini peke yake. Klabu ilimkalisha katika nyumba ya mama mmoja aliyezoea kuwapokea vijana wageni, pamoja na mchezaji mwenzake Philippe Senderos, Mswisi ambaye baba yake ni Mhispania. Kulikuwa na mtu wa kumwuliza amekula nini, na mtu wa kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Katika uzoefu wangu wa shule za bweni, mtoto hushindwa kwa upweke kabla hajashindwa kwa masomo.

Je, alipata hasara? Alipata, tena kubwa. Katika miaka minane ya Arsenal aliondoka na kombe moja tu kubwa, lile la FA la 2005, ilhali Barcelona aliyoiacha ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2006, 2009 na 2011. Lile la 2006 lilimwuma zaidi, maana fainali ilichezwa Paris kati ya Barcelona na Arsenal, naye alikuwa uwanjani akiwa amevaa jezi ya waliofungwa mabao 2–1. Mwezi Agosti 2011 Barcelona ilimrudisha kwa Euro milioni 29, mbali na nyongeza. Huyo ni mtoto wake yenyewe! Na aliporudi alimkuta nani katika lindo? Xavi yule yule na Iniesta yule yule. Mara nyingi akapangwa mahali pasipo pake, na mwaka 2014 akaondoka tena kwenda Chelsea. Kwangu mimi, hii miaka mitatu ndiyo inayothibitisha kwamba kijana wa miaka 16 alihesabu sawasawa.

WENZAKE WATATU

Piqué naye aliondoka, mwaka 2004, akaenda Manchester United akiwa na miaka 17. Huyu alikuwa Mbarcelona wa damu. Babu yake, Amador Bernabéu, alipata kuwa kiongozi katika klabu. Lakini hesabu yake ya lindo haikukubali. Mbele yake alisimama Rio Ferdinand, na mwezi Januari 2006 akaongezwa Nemanja Vidić. Mabeki hao wawili hawakuwa na nia ya kumpisha mtu. Katika miaka minne Piqué alicheza mechi 12 tu za ligi. Alipelekwa Zaragoza kwa mkopo msimu wa 2006–07, na huko ndiko alikokomaa. Mwezi Mei 2008 Barcelona ikamrudisha kwa pauni milioni 5 hivi, bei ambayo leo hainunui hata kipa wa akiba. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2009, alisimama katikati ya ngome ya Barcelona katika fainali ya Roma, akawafunga hao hao Manchester mabao 2–0. Alistaafu Novemba 2022 akiwa ameichezea klabu yake mechi 616. Kwa hiyo kuna kuondoka kunakorudisha mtu nyumbani akiwa amepevuka, mradi hakuuchoma moto mlango alipokuwa akitoka.

Messi alibaki. Wenger amepata kusema kwamba aliwataka wote watatu, ila Messi hakupatikana. Alichezeshwa katika mashindano kwa mara ya kwanza tarehe 16 Oktoba 2004, akiwa na miaka 17, na hakuondoka mpaka Agosti 2021. Watu wengi humtaja kuwa ni ushahidi wa faida ya kubaki. Mimi nawaomba wasisahau mwanzo wa habari. Messi alikuwa mtoto wa Rosario, Argentina, na klabu iliyomlea tangu udogo ni Newell's Old Boys. Alikuwa na maradhi ya kutokua, na dawa zake ziligharimu dola mia tisa hivi kila mwezi. Barcelona ilikubali kulipa. Ahadi ya kwanza, mwezi Desemba 2000, iliandikwa juu ya karatasi ya kupangusia mikono (karatasi ambayo mwaka 2024 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 700,000, ajabu ya dunia!). Kwa hiyo huyo mnayemwita aliyebaki alikuwa ameondoka kabla ya wenzake wote, akiwa na miaka 13, tena akavuka bahari. Na malipo yake yalikuwa machungu: mama na ndugu zake walishindwa na ugeni wakarudi Argentina, akabaki yeye na baba. Mwanzoni hakuruhusiwa kucheza mechi nyingi, kisha akavunjika mguu. Lakini baba yake alikuwapo. Neno hilo nililirudia mara mbili mbele ya Sajini.

Wa nne, Vázquez, alibaki naye. Alibaki mpaka 2011, akawa na miaka 24. Timu kubwa ilimwingiza mara chache mno, kwa sababu lindo lilikuwa lile lile la Xavi na Iniesta, na katikati ya kungoja akaumia vibaya goti. Hatimaye alikwenda Club Brugge ya Ubelgiji, akawa mchezaji bora wa mwaka wa nchi hiyo mwaka 2015, na mwaka 2017 alifunga bao katika fainali iliyoipa Toronto ya Kanada ubingwa wa ligi ya Marekani Kaskazini. Hakupotea, wala hakuharibikiwa. Ila miaka yake ya kati ya 18 na 23, miaka ambayo mchezaji hukua kwa kucheza, aliila akiwa katika foleni.

Mtu ataniuliza: basi kuondoka ndiyo dawa? Hasha. Mwaka 2005 kijana mwingine wa Barcelona, Fran Mérida, aliifuata njia ya Fàbregas hatua kwa hatua mpaka Arsenal. Alicheza mechi chache tu, na mwaka 2010 akaondoka. Safari hii kiungo aliyeushika mlango alikuwa ni Fàbregas mwenyewe.

YALIYOTUHUSU SISI

Sajini alisikiliza yote, akanywa chai, kisha akasema, “Mwalimu, hao ni Wazungu na mashirika yao. Mimi mtoto wangu ataondoka na nani?”

Alisema kweli. Mtoto wa Ulaya akiondoka hufuatwa na sheria. Mtoto wetu aghalabu hufuatwa na maneno matamu tu. Kwa hiyo ni wajibu wa mzazi kuijua sheria. Kanuni za Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhama kwa ajili ya jambo lisilohusu mpira. Vijana wa Umoja wa Ulaya wameruhusiwa kuhama ndani ya umoja huo wakifikisha miaka 16, na hiyo ndiyo njia aliyopita Fàbregas. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kujitoa katika umoja huo, hata njia ile ya kwenda Uingereza imefungwa. Basi akija mtu kotani akidai kwamba atampeleka mwanao Ulaya akiwa na miaka 15, usimpe hata pasipoti ya mtoto aishike.

Watu wa namna hiyo wapo. Mwaka 2000 Jean-Claude Mbvoumin, mchezaji wa zamani wa Kameruni, alianzisha Paris chama kiitwacho Foot Solidaire kwa sababu ya vijana wa Kiafrika waliokuwa wakiletwa Ufaransa kwa ahadi za majaribio, kisha wakaachwa mitaani bila fedha, bila hati na bila uso wa kurudia nyumbani. Baadhi ya wazazi wao walikuwa wameuza mali ili kulipa nauli. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Mtihani wa leseni hiyo ulirudishwa mwaka 2023, na jina la aliyefaulu huweza kuulizwa katika shirikisho la nchi.

Tena Koplo wetu asidharauliwe. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba mchezaji wa kulipwa akihamishwa kutoka klabu moja kwenda nyingine, sehemu ya fedha, asilimia 5, hugawiwa zile klabu zilizomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini klabu ndogo haipati senti kama haikumwandikisha mtoto kwa utaratibu. Ni timu ngapi za kambini zilizo na daftari? Jina, tarehe ya kuzaliwa, msimu aliocheza, sahihi ya mzazi: kazi ya nusu saa, na hatuifanyi.

Mfano wa Mwafrika aliyekwenda kwa wakati wake ni Sadio Mané wa Senegali. Alitoroka kijijini kwao Bambali akiwa na miaka 15, na wazee wakamrudisha amalizie mwaka wa shule. Kisha ndipo alipokwenda Dakar, akalelewa katika shule ya soka ya Génération Foot, ambayo ina mkataba na klabu ya Metz ya Ufaransa. Aliondoka kwenda Metz mwaka 2011, akiwa amefikisha miaka 18, kwa njia iliyokwisha kupitwa na wengine. Hakununua tiketi ya mtu wa njiani.

Kwa hiyo nilimpa Sajini kazi badala ya jibu. Nilimwambia aende akaitazame ile shule ya mjini ikicheza, asimpeleke kijana, awe peke yake na kalamu. Ahesabu viungo wangapi wa umri wa mwanawe wapo, na nani kati yao huchezeshwa. Aulize nani hulala na watoto bwenini. Aulize asubuhi huenda shule gani, na aende kwa mwalimu mkuu wa shule hiyo kuhakikisha kwamba anawajua. Aombe kuiona karatasi ya mapatano kabla ya kuambiwa aisaini. Na azungumze na mzazi mmoja ambaye mwanawe aliachwa na timu hiyo, kwa maana mzazi wa aliyefaulu atasifu tu.

Jumamosi alikwenda. Alirudi usiku kwa lori la mizigo, akanigongea mlango akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Viungo wa rika la mwanawe ni saba. Wanaochezeshwa ni wawili, na mkubwa wao ana miaka 16. Bweni ni safi, chakula kipo, lakini watoto hulala na mlinzi wa lango, wala hapana mwalimu. Mwalimu mkuu wa shule iliyotajwa aliwajua watoto watatu kati ya ishirini.

“Mama yake nimemwambia anyamaze kulia,” alisema Sajini. “Atafanya mtihani wake hapa mwezi wa kumi na moja, na Koplo ameahidi kumchezesha pamoja na wakubwa kila Jumapili. Wale wawili mwakani watakuwa wamepanda daraja. Nitakwenda kuhesabu tena.”

Niliomba ile karatasi nibaki nayo. Akakataa, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati na kuufunga kifungo.